Punje za Picha

Marehemu baba alikuwa mpigapicha hapa Amu, yaani Lamu, tangu enzi za filamu, na neno la kwanza la kazi nililolisikia kwake ni "kusafisha". Mteja alileta filamu yake ya picha 36, baba akajifungia kwenye chumba cha giza, na baada ya siku mbili tatu mteja alirudi mlangoni kuuliza, "Zishasafishwa?" Neno lilikaa mahali pake. Filamu ilitiwa kwenye dawa, ikasuuzwa kwa maji, ikatundikwa kwa vibanio ikauke kama nguo za mtoto. Leo sina dawa wala beseni. Nina kompyuta moja, printa mbili na waya za simu za kila namna, na bado watu wananijia dukani Langoni, simu mkononi, wakisema, "Nisafishie hii." Kazi iliyolizaa neno imekufa, neno lenyewe lingali linatembea mjini kwa miguu yake.

Mambo kama haya hunishika sana. Kutwa nzima nazungumza habari za picha na watu wa rika zote, na nusu ya maneno ninayotumia ni ya Kiingereza yaliyovishwa irabu mwishoni: pikseli, skrini, faili, skana, selfi, stika. Sioni aibu kwayo. Lakini kuna siku neno la kuazima hukataa kazi. Unalisema, na mtu aliye mbele yako anabaki kukutazama. Siku moja kama hiyo niliokolewa na neno la lugha ya kubuni, lugha ambayo mtu mmoja aliketi akaitunga mezani kwake, na tangu hapo sijaacha kuiwaza.

Aliyenifikishia lugha hiyo ni mgeni, mzee mmoja mwalimu mstaafu, aliyekuja kwa mashua kutoka Shela ili nimhamishie picha kutoka kwenye kadi ya kamera. Kwenye kola ya shati alikuwa amebandika nyota ndogo ya kijani. Nikamwuliza ni ya chama gani. Akasema ni alama ya Kiesperanto, wanaokizungumza huivaa ili watambuane njiani. Picha zilikuwa nyingi na kompyuta yangu ya wakati ule ilikuwa nzito, basi tukiwa twangoja akaanza kuvionyesha vitu vya dukani kwa kidole, kimoja kimoja, na kuvitaja. Kamera ni fotilo. Mimi ni fotisto. Duka langu ni fotejo, albamu ni fotaro. Kisha akanyosha kidole kwenye picha moja iliyotikisika, niliyoibandika ukutani kuwafundishia vijana wangu, akasema fotaĉo, na nikamwelewa kabla hajaeleza.

Shina ni moja, foto, na kila kiambishi kinachofuata kina kazi yake isiyobadilika: -il- ni chombo cha kufanyia, -ist- ni mtu wa kazi hiyo, -ej- ni mahali, -ar- ni mkusanyiko, -aĉ- ni kitu kibovu. Ukitaka kitenzi, toa -o mwishoni uweke -i, upate foti, yaani kupiga picha. Sisi hatuwezi kufanya hivyo na "picha". Neno liliingia kwetu likiwa nomino, likabaki nomino, na kulifanyia kazi lazima tuliitie "piga", yule mtumishi wetu wa siku zote: piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga chapa, piga picha. Nilikuwa nimelitumia neno hilo miaka ishirini na kitu bila kuliona.

Aliyeitunga lugha hiyo ni Ludwik Zamenhof, Myahudi aliyezaliwa mwaka 1859 Białystok, mji ambao leo uko Poland na wakati ule ulikuwa chini ya Urusi, ambako watu wa lugha mbalimbali waliishi pamoja kwa kutoaminiana. Aliamini kwamba lugha isiyo ya kabila lolote ingewapunguzia uadui. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Warsaw mwaka 1887, kikiwa na mizizi ya maneno ipatayo 900 tu. Mengine yote msomaji aliachiwa ajijengee. Na riziki ya mtu huyo ilikuwa udaktari wa macho. Jambo hili lilinigusa, maana nami naishi kwa macho ya watu.

Picha yoyote, iwe ya kamera au ya mkono, kwa Kiesperanto ni bildo, neno lililotoka Kijerumani. Kuchora ni desegni, kupaka rangi kama wafanyavyo wasanii ni pentri, na kazi inayotokana na mikono hiyo ni desegnaĵo na pentraĵo. Kwetu yote hayo mtu wa kawaida ataita picha, au mchoro akijitahidi. Halafu yakaja mambo ambayo mwaka 1887 hakuna aliyeyaota, na lugha ikaenda kuyapokea ikiwa na zana zilezile. Kompyuta ikawa komputilo, chombo cha kukokotoa. Kioo cha simu ni ekrano, na ukikipiga picha kile kinachoonekana hapo unapata ekrankopio. Selfi ni memfoto, ambapo mem ni "mwenyewe", kama ile "ji" yetu ya kujipiga. Picha ndogo inayotangulia faili ni bildeto, kijipicha. Nayo emoji ikavishwa herufi zao ikawa emoĝio.

Kati ya kanuni 16 za sarufi ya Zamenhof, ya 15 inaruhusu maneno yaliyoenea mataifa mengi yaingie kama yalivyo, mradi yaandikwe kwa tahajia ya Kiesperanto. Kwa hiyo kila kitu kipya kina milango miwili. Kinaweza kuingia na jina lake la ugenini, au kikajengewa jina kwa matofali ya nyumbani. Wazungumzaji wake hubishana sana kuhusu mlango upi ni bora, na mabishano hayo mtu yeyote aliyewahi kusikia watu wakigombania "kompyuta", "ngamizi" na "tarakilishi" atayatambua mara moja. Pikseli iliingia kwa milango yote miwili. Wako wanaosema pikselo. Wako wanaosema bildero.

Mgeni wangu alikuwa mtu wa bildero, akanifafanulia kwa mchanga. Mchanga ni sablo, na chembe moja ya mchanga ni sablero. Moto ni fajro, cheche yake ni fajrero. Pesa ni mono, sarafu moja ni monero. Kiambishi -er- huchukua kitu cha kulundikana na kukupa kipande chake kidogo kabisa. Basi picha ikiwa ni bildo, ile nukta moja isiyogawanyika ni bildero, chembe ya picha.

Yaliyomo ndani ya neno hilo ni kweli kabisa kwa kazi yenyewe. Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake walichukua picha ya mwanawe mchanga, kipande cha sentimita 5 kwa 5, wakaipitisha kwenye mashine waliyoiunda wao, na kompyuta ikaipokea ikiwa nukta 176 kwa 176. Ukizidisha ni nukta 30,976, nyeusi na nyeupe. Hakuna uso ndani ya mashine ile, kuna hesabu tu, nukta hii iwe na giza na ile iwe na mwanga, na jicho la mtu ndilo linalozikusanya likaona mtoto. Neno la Kiingereza lenyewe, pixel, lilionekana kwenye maandishi mwaka 1965, nalo ni kifupi cha "kipengele cha picha", lakini limekatwa fupi mno hata anayelisikia hawezi kukisia limetoka wapi. Bildero, mtoto wa shule anayejua mchanga na chembe yake atalielewa mara ya kwanza.

Mgeni akalipa, akapanda mashua akaenda zake. Neno nikabaki nalo.

Miezi ikapita. Jioni moja baada ya alasiri akaja mama mmoja wa Mkomani, mtu mzima wa umri wa mama yangu, amefuatana na mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na mbili hivi. Nikampa shikamoo, akaitika, akaketi, akatoa simu kwenye kipochi kilichofungwa kwa leso kama amebeba yai. Alitaka picha ya marehemu mumewe, fundi wa majahazi, ikuzwe iwe ya ukutani. Akanionyesha kwa mikono ukubwa anaoutaka, kama kidirisha, sentimita sitini upana wake.

Nikaifungua faili. Mzee amekaa harusini, kofia kichwani, anacheka na mtu ambaye haonekani. Picha nzuri, imepigwa na mtu aliyempenda. Lakini ilikuwa nukta 320 kwa 240. Nikamwuliza ilikotoka. Mpwa wake wa Mombasa aliipiga, akaitia kwenye kundi la familia, mwingine akaichukua huko akampelekea mwingine, na kila ilipopita ilibanwa ili iwe nyepesi. Na ile simu iliyoipiga? Ilianguka baharini gatini, mwaka uleule. Hakukuwa na picha nyingine ya mzee katika miaka yake ya mwisho. Hakupenda kupigwa.

Nikaanza kueleza. Nikasema pikseli ni chache. Akanitazama. Nikasema rezolusheni iko chini. Mjukuu akainamisha kichwa, nadhani aliona haya kwa niaba yangu. Mama akasema, kwa upole, "Mwanangu, picha si ni ileile? Ivute tu."

Ningeweza kuivuta kweli, nikachukua pesa. Wako wanaofanya hivyo, na mteja hufika nyumbani, akatundika, akarudi nyuma hatua mbili na kuona viraka. Nikakumbuka mchanga wa yule mgeni, lakini mama huyu hakuhitaji mchanga. Nikamwambia, "Mama, picha ya simu ni punje. Kama mchele. Punje moja haina sura ya mtu, lakini ukizipanga nyingi pamoja ndipo unamwona. Sasa hii ya mzee ina kibaba kimoja. Ukikitandaza kibaba hicho kwenye uteo, kinaenea vizuri. Je, ukikitandaza kwenye mkeka mzima?"

Akajibu bila kungoja. "Utauona mkeka."

Nikamgeuzia kompyuta nikaikuza picha mbele yake, polepole. Uso wa mzee ukawa vigae, kisha shavu likawa miraba ya kahawia na nyeusi, kisha ukabaki mraba mmoja umejaa kioo chote. Kwa ukubwa alioutaka yeye kila punje ingekuwa karibu milimita mbili, upana wa punje ya mchele hasa, nami nilipomwambia hivyo sikuwa napiga mfano tena. Akaweka kidole kwenye kioo juu ya ule mraba mmoja. Akauliza, "Huyu ni yeye?"

"Ni punje yake moja, mama."

Akanyamaza. Kisha akauliza swali ambalo wataalamu wengi hawajaliuliza. Alitaka kujua kama hakuna mashine ya kuongeza punje. Nikasema ipo, siku hizi kuna programu za kujazia, zimeonyeshwa nyuso maelfu kwa maelfu na zikiona pengo hukisia kinachofaa kukaa hapo. Akasema, "Hizo za kuongezea zitakuwa za uso wa nani?"

Sikumjibu, na yeye hakunisukuma. Tukakubaliana niitoe kwa ukubwa unaoweza kuibeba, sentimita tano na kidogo, upana wa vidole vitatu. Nilikata karatasi kwa mkono nikaitia kwenye fremu ndogo ya mbao yenye ukingo mpana mweupe. Kwa ukubwa ule mzee alikuwa mzima, na kicheko chake kilionekana hadi kwenye meno. Mama akaifunga kwenye leso pamoja na simu.

Tangu siku hiyo dukani kwangu neno ni punje. Sikulitangaza, lilijieneza. "Hii haina punje za kutosha." "Nitumie kama faili, usiitume kama picha, zisipotee punje njiani." Waliokuja kupiga picha za kuombea bahati nasibu ya visa ya Marekani, ambako picha ilitakiwa isipungue nukta 600 kwa 600 na faili isizidi kilobaiti 240, niliwaambia punje mia sita kwa safu mia sita, na ukubwa wa faili ni gunia la kuzibebea, na walielewa kwa nini picha waliyoipunguza wenyewe nyumbani ilikataliwa. Mshona kofia mmoja jirani yangu ndiye aliyelichukua neno mbali zaidi. Kofia zetu, kwa wasiozijua, nakshi zake ni vitundu vidogo sana vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na ua huonekana ukiwa mbali tu. Aliposikia habari ya punje akaja na kofia aliyoifikisha nusu, akaishika mbele ya taa, akasema, "Basi hii nayo ni picha ya simu." Nikaangalia vile vitundu vikipitisha mwanga kwa safu. Nilikuwa nimevaa kofia maisha yangu yote.

Ushindi huo ulinipa tamaa, nikajaribu mengine, na mengine mengi yalinishinda. Niliona Kiswahili nacho kina viambishi vyenye kazi maalumu, kifutio cha kufutia, kichujio cha kuchujia, basi kwa nini kisiwe na chombo chake cha kupigia picha? Nikaunda neno la kamera, sitaliandika hapa, vijana wangu wakalisikiliza kwa adabu kisha mmoja akaniuliza, "Bosi, kamera niiweke wapi?" Filta niliita chujio, na kila bibi wa Amu anajua chujio la nazi ni nini, lakini mabinti wanaokuja kutiwa rangi kwenye picha zao za harusi wanasema filta. Nimewaachia. Rezolusheni ndiyo inayoniuma zaidi, maana Kiesperanto kina neno zuri ajabu, distingivo, linalotoka kwenye "kupambanua" na "kuweza": uwezo wa picha kukupambanulia kitu na kingine, unywele na unywele. Nimejaribu "upambanuzi" mara kadhaa. Ni neno sahihi na halitembei. Watu wanasema picha iko wazi, picha ina ukungu, na ukiwasikiliza vizuri huenda hawahitaji zaidi ya hayo.

Lipo moja ambalo hatukuhitaji msaada wa mtu. Kutoa faili mtandaoni kwa Kiesperanto ni elŝuti, na kuipandisha ni alŝuti, kutokana na ŝuti, kumwaga kitu kikavu kama nafaka au mchanga. Sisi tunasema kupakua na kupakia. Nendeni gatini asubuhi mkaone maana yake: jahazi limefunga, mchanga na mawe yanashushwa hadi kwenye migongo ya punda, na mama nyumbani anapakua wali kutoka chunguni, neno ni hilohilo. Sijui kama wenzetu wa lugha nyingine wana neno la faili linalonukia bahari na jiko kwa wakati mmoja.

Huwa nasikia watu wakisema lugha ya kubuni haina roho kwa sababu ilipangwa na mtu. Nikiwa mtu wa Amu nasita kukubali. Kiswahili sanifu tunachokiandika, na ninachokiandika sasa, kiliamuliwa nacho. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi, na kamati ya lugha ya nchi nne ikaanza kazi mwaka 1930 kupanga tahajia na kupitisha vitabu. Kiamu chetu, ambacho kilikuwa kimebeba tenzi kwa karne kadhaa, kilibaki nje ya mlango. Bibi yangu aliita macho "mato" na njia "ndia" hadi anakufa, na shuleni tulisahihishwa kwa wino mwekundu. Silalamikii umoja tulioupata. Nasema tu kwamba watu walikaa wakapanga, na bado ni lugha ninayoomba kwayo na kubembelezea watoto. Kiesperanto nacho kina watu waliokizungumza utotoni kwa wazazi wao. Mwaka 2024 mkutano wao wa dunia, wa 109, ulifanyika Arusha, mara ya kwanza kufika Afrika. Sikuweza kwenda, na najuta.

Huyo bibi wa "mato" ndiye mama mzaa baba, na picha aliziita sanamu. Hakukosea. Wazee wengi waliita hivyo, kabla "picha" haijaenea. Neno lina asili ya Kiarabu, na huko ni jina la kinyago kinachoabudiwa. Kwa hiyo mwanawe alipochagua kazi ya upigapicha, bibi alisikia amechagua kazi ya sanamu, na kwa miaka mingi hakuruhusu picha hata moja itundikwe chumba alichoswalia. Baba hakubishana naye. Aliziweka zote ndani ya sanduku. Nafikiri sana jinsi neno moja lilivyoamua nini kipande cha karatasi ni halali kufanya ndani ya nyumba. Wajukuu wanasema "picha", neno jepesi lisilo na historia hiyo, na kuta zao zimejaa.

Hapa ndipo lugha nyingine ya kubuni iliponifikisha mahali ambapo Kiesperanto hakikufika. Toki Pona ilitungwa na Sonja Lang wa Kanada, ikaonekana kwa watu mwaka 2001, na maneno yake yote ni yapata 120. Ukiwa na maneno machache hivyo huwezi kuwa na moja la picha, jingine la mchoro, jingine la alama. Kuna sitelen basi. Picha ni sitelen. Mchoro ni sitelen. Na maandishi ni sitelen. Video ni sitelen tawa, picha inayokwenda. Chombo ni ilo, kwa hiyo ilo sitelen inaweza kuwa kamera na inaweza kuwa kalamu, muktadha utakwambia.

Nilipolisoma hilo nilisimama nikaenda nje. Mbele ya duka langu kuna mlango wa zamani wa mbao, na kwenye boriti ya juu yake fundi alichonga maua na majani, na ndani ya majani kuna maandishi ya Kiarabu yaliyojikunja pamoja nayo. Nimeupita mlango huo tangu utotoni na siwezi kukwambia ua linaishia wapi na herufi inaanzia wapi. Babu yangu aliandika barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, na watu waliomsifu kwa mwandiko walisema "anachora". Mafundi wetu waliepuka kuchonga viumbe, wakayaachia maandishi yafanye kazi ya picha. Waamu wamekuwa wakiishi ndani ya sitelen karne na karne.

Tena sisi tunalo neno lenye mkunjo huo, tumelikalia. Sura. Tunasema sura ya mtu, na tunasema sura ya Kurani au sura ya tatu ya kitabu. Kwa Kiarabu ni maneno mawili, moja linaanza kwa sad na ndilo la umbo na picha, jingine linaanza kwa sin na ndilo la sehemu ya Kurani. Yalipovuka bahari ulimi wetu haukuona sababu ya kuzitenganisha herufi hizo mbili, na uso na ukurasa vikawa jina moja. Hata emoji, ambayo wengi hudhani ni neno la hisia, kwa Kijapani ni e, picha, na moji, herufi. Seti ya Shigetaka Kurita ya mwaka 1999 ilikuwa na alama 176, kila moja imechorwa kwa nukta 12 kwa 12. Punje 144 tu, na mtu anaona moyo au mwavuli.

Mwezi uliopita yule mjukuu wa Mkomani alikuja dukani peke yake. Amerefuka. Akanipa simu, mpya, akasema, "Bibi amenituma. Anauliza hii ina punje za kutosha?"

Nikaifungua. Bibi mwenyewe, ameketi barazani nyumbani kwake, buibui limefunikwa vizuri, anatazama kamera moja kwa moja bila kucheka, mikono imetulia mapajani. Mjukuu ndiye aliyepiga, kwa mwanga wa asubuhi, naye alijua kusimama. Nikaangalia hesabu: 4000 kwa 3000. Nikamwambia ni punje milioni 12, zinatosha kwa ukuta wowote Amu.

"Nimsafishie sasa hivi?"

"La," akasema. "Amesema iwekwe tu. Amesema uiweke mahali haitabanwa."